Umemaliza Chuo, Kazi Bado: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaendesha saiba, yaani duka la intaneti, mjini Kisumu, Kenya. Tunachapa, tunaskani, tunajaza fomu za eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na KRA (mamlaka ya ushuru), na zaidi ya yote tunatengeneza CV. Wanaokuja ni vijana waliotoka vyuo vya Maseno, Egerton, Masinde Muliro, Kibabii, Kisumu Poly na Sigalagala, na siku hizi wazazi wao pia. Maswali yanafanana, na foleni ikiwa ndefu siwezi kumjibu kila mtu anavyostahili, basi nimeyaandika. Nimejibu kwa ninayoyaona kaunta, si kwa yanayosemwa kwenye makongamano ya kuhamasisha vijana.

Nimefanya mtihani wa mwisho lakini mahafali bado. Naweza kuanza kuomba kazi?

Anza leo. Kati ya mtihani wa mwisho na siku ya kuvaa joho huweza kupita miezi mingi. Nenda kwa msajili wa chuo uchukue barua inayothibitisha kwamba umekamilisha masomo, pamoja na transkripti. Waajiri wengi wataipokea kwa muda. Kisha maliza klirensi ungali karibu na chuo: kitabu cha maktaba kilichopotea, kifaa cha maabara, salio la karo. Nauli ya kutoka Busia hadi Njoro kufuata sahihi moja inauma.

Ni karatasi zipi niwe nazo mkononi?

Kitambulisho, PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi), nambari ya NSSF (akiba ya uzeeni), usajili wa SHA (bima ya afya) na akaunti ya benki. Hizo ziwe tayari hata kabla hujaona tangazo lolote. Ikiwa majina yako yanahitilafiana kati ya cheti cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne), kitambulisho na cheti cha chuo, lishughulikie sasa kwa hati ya kiapo. Mwajiri hatakungoja.

Cheti cha tabia njema huombwa kwenye eCitizen kwa shilingi 1,050, halafu unapeleka alama za vidole Huduma Centre au ofisi ya DCI (polisi wa upelelezi). Usikikimbilie kabla hujaitwa popote. Waajiri hutaka cha karibuni, na kikikaa sana utalipa tena. Hali ni hiyo hiyo kwa zile karatasi nyingine za kazi za serikali: ya KRA, ya HELB (mikopo ya wanafunzi), ya EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na ya CRB (rekodi za madeni). Soma tangazo hadi mwisho. Mara nyingi limesema kwamba zitatakiwa kwa waliofaulu usaili, wala si wakati wa kutuma maombi. Nimewahi kuona akiba ya mama mzima ikiishia kwenye karatasi tano za kazi ambayo kijana hakuitwa hata usaili.

Nina PIN tangu nilipoomba mkopo wa HELB. Sijawahi kujaza ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) kwa sababu sina mapato. Kuna shida?

Iko. Mwenye PIN anatakiwa kujaza ritani kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni, hata kama mapato ni sufuri. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au zaidi kwa kila mwaka. Wengi hugundua siku wanapohitaji cheti cha ulipaji kodi, na tayari miaka minne ya chuo imeandikwa dhidi yao. Ingia iTax, tovuti ya KRA, ujaze ya miaka yote iliyobaki, kisha uliza kuhusu faini kwenye dawati la KRA. Ritani ya sufuri ni kazi ya dakika chache. Ukiwa na simu na intaneti huna haja ya kuja kwangu, na nasema hivyo nikijua nitapoteza wateja.

CV yangu ina kurasa nne. Inatosha?

Imezidi. Mtu aliyetoka chuo juzi anahitaji kurasa mbili, na wengi wangetosheka na moja. Ondoa dini, lokesheni na sub-lokesheni, jina la chifu na shule ya nasari. Ondoa pia "napenda kusoma, kusafiri na kuogelea". Ziwa liko hapa chini na bado wanaojua kuogelea ni wachache kuliko CV zinavyodai.

Kinachobaki ndicho cha kufanyia kazi. Karibu kila CV inayoletwa hapa ina sentensi hii kuhusu atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo ya mwanafunzi kazini: "Nilikuwa kwenye atachimenti katika idara ya uhasibu." Hiyo inamwambia mwajiri ulikuwa umekaa kwenye kiti. Huwa namuuliza mwenye CV: asubuhi ukifika ulikuwa unafanya nini? Hapo ndipo anasema, ah, nilikuwa nalinganisha malipo ya M-Pesa na taarifa ya benki, nilikuwa naingiza risiti kwenye kompyuta, nilikuwa naandika vocha za nauli za maafisa wa nyanjani. Basi andika hayo! Taja programu uliyotumia na jina lake. Kama ulikuwa hospitalini, taja wadi ulizozunguka. Kama ulikuwa kwenye shamba la maua, taja ulikuwa upande wa kunyunyizia dawa au wa kupakia.

Warejelewa, yaani watu watakaopigiwa simu kuulizwa habari zako, waarifiwe kwanza. Mhadhiri aliyekufundisha darasa la watu mia tatu na hakumbuki sura yako hatakusaidia akipigiwa simu. Afadhali msimamizi wa atachimenti, hata kama cheo chake ni kidogo.

Kuhusu barua zinazoandikwa na ChatGPT: mimi mwenyewe hutumia programu hizo kunyoosha Kiingereza. Lakini barua kumi za kazi moja zikifika zote zimeandikwa "nina shauku kubwa ya kuchangia ukuaji wa shirika lenu tukufu", anayesoma anajua. Weka sentensi mbili ambazo mtu mwingine hangeweza kuziandika: kwa nini kampuni hii, na umewahi kufanya nini kinachofanana na kazi hii.

Tuma kwa PDF, faili iwe na jina lako. Na ile barua pepe ya kidato cha pili yenye jina la mwanamuziki, iache.

Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu. Nitautoa wapi ikiwa hakuna anayeniajiri?

Ningeweza kujibu maswali mengine yote kwa kifupi nikabaki na hili tu.

Mwajiri mdogo wa Kisumu au Nakuru anapoandika "uzoefu", mara nyingi anauliza kama kuna mtu aliyewahi kukuona ukifanya kazi, ambaye akipigiwa simu atasema huyu anafika mapema, haibi, na hahitaji kuambiwa jambo moja mara tatu. Miaka mitatu kwenye tangazo ni njia ya kupunguza maombi. Kwa kazi nyingi za kuanzia watampokea asiye nayo ikiwa simu hiyo imejibiwa vizuri. Kwa hivyo mwaka wa kwanza baada ya chuo, kazi yako ni kuwa mahali unapoonekana na wanaofanya kazi unayoitaka.

Pa kuanzia ni ulipofanya atachimenti. Watu huondoka huko na barua, wakatokomea. Rudi. Salimia. Uliza ni lini wanalemewa: mwisho wa mwezi, wakati wa kuhesabu stoki, msimu wa kupanda kwa maduka ya mbegu, Januari kwa maduka ya vitabu na ofisi za karo. Jitokeze wakati huo. Nafasi nyingi za kibarua hazitangazwi popote kwa sababu zinahitaji mtu Jumatatu, na leo ni Ijumaa.

Walimu wana njia yao, nayo ni kuajiriwa na bodi ya shule. Ukishapata nambari ya TSC (tume ya walimu), tembea shule kwa shule kabla muhula haujafunguliwa, si wiki ya pili. Malipo ya bodi ni madogo na huchelewa, lakini utapata darasa, mwalimu mkuu atakujua, na ukija usaili wa TSC utakuwa umezoea kusimama mbele ya watu.

Kuna kazi za msimu ambazo vijana wa hapa huzidharau. IEBC, tume ya uchaguzi, huchukua makarani wa kusajili wapiga kura na wa vituo, na uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. KNBS, shirika la takwimu, huchukua wahojaji wa tafiti za nyumba kwa nyumba. Sensa ya mwisho ilikuwa 2019, na huja kila baada ya miaka kumi. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ambayo ina kituo kikubwa Kisian, huchukua watu wa kukusanya data nyanjani. Wiki mbili za kuhoji watu Nyalenda au Alego ukijaza majibu kwenye tableti ni uzoefu kamili. Uandike hivyo, na utaje lugha ulizozitumia. Anayezungumza Kijaluo, Kiluhya na Kiswahili ana kitu ambacho wa Nairobi hana.

Halafu kuna programu ya mafunzo ya kazini ya Tume ya Utumishi wa Umma, ya miezi 12, kwa wenye digrii. Hutangazwa kwenye tovuti ya tume na maombi ni bure. Ukipelekwa idara ndogo kaunti ya mbali, nenda.

Na kujitolea bila malipo? Sikatai, ila kuwe na mwisho. Mtu akikupa nauli, chakula cha mchana na kazi halisi kwa miezi mitatu, ni sawa. Akikuweka mwaka mzima ukichemsha chai na kutumwa benki, ofisi imejipatia tarishi wa bure.

Ni kweli kwamba bila mtu ndani hupati kazi?

Kwa nafasi fulani, ndiyo, ni kweli, na sitakudanganya. Kuna orodha zinazojaa kabla tangazo halijachapishwa. Ila kuna tofauti kati ya mjomba anayekupitisha mlango wa nyuma na msimamizi wa zamani anayesema "huyu nimemwona kazini". Huyo wa pili pia ni mtu ndani, na unaweza kumpata hata kama kwenu hakuna mjomba yeyote. Nimeona wengi waliongoja mjomba. Mjomba ana watoto wake.

Kazi zenyewe ziko wapi upande wetu huu?

Inategemea ulisoma nini, nami nitasema ninayoyajua.

Nakuru ndiyo pana zaidi. Ina viwanda vya mjini, maziwa na nafaka upande wa Njoro na Molo, hoteli, na Naivasha yenye maua. Mashamba ya maua hayaajiri wachumaji tu. Yana maabara, idara za ubora, umwagiliaji, uhasibu na usafirishaji. Umeme wa mvuke wa Olkaria na Menengai huchukua mafundi na wahandisi, lakini nafasi hizo huja kwa mawimbi, na wanakandarasi wadogo huajiri zaidi ya mashirika makubwa yenyewe. Usiangalie KenGen na GDC tu. Tafuta nani amepewa kandarasi.

Kisumu ilikuwa mji wa mashirika ya afya, na hapa lazima nitulie kidogo. Kwa miaka mingi aliyesomea afya ya jamii, takwimu au lishe alikuwa na njia iliyo wazi, yaani miradi ya Ukimwi na malaria katika Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori iliyolipiwa na Marekani. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada hiyo, na watu wenye uzoefu mrefu wakarudi sokoni pamoja nawe. Usijilaumu usipoitwa. Unashindana na aliyekuwa akisimamia kliniki. Kinachosaidia ni kutazama hospitali za kaunti, za misheni na za watu binafsi, maduka ya dawa, na bima. Pia viwanda: sukari, soda, bia, samaki, vyote vinahitaji watu wa usalama wa chakula na afya kazini, na wenye digrii ya afya ya jamii huwa hawafikirii huko.

Ukanda wa sukari umebadilika. Kiwanda cha Mumias kiliingia mikononi mwa mrasimu (msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa na madeni) mwaka 2019, na mwaka 2025 serikali ilikodisha Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony kwa kampuni binafsi. Anayekuambia atakuingiza huko kupitia mtu wa wizara amechelewa na habari.

Busia na Malaba kuna kazi ya forodha. Mawakala wa kupitisha mizigo huajiri wanaojua mifumo ya KRA, na shule ya KRA inatoa cheti maalumu cha kazi hiyo kwa Afrika Mashariki. Mwenye digrii ya biashara aliyeongeza cheti hicho huwa namwona akiitwa haraka kuliko aliyeongeza digrii ya pili.

Kaunti zote zina bodi zao za utumishi wa umma, na matangazo yake hutoka kwenye tovuti zao na kwenye gazeti la MyGov siku za Jumanne. Fungua tovuti za kaunti za jirani pia, si yenu tu. Ingawa, kusema kweli, kaunti nyingi zitampendelea wa nyumbani.

Nimeitwa usaili kwa ujumbe wa simu na sikumbuki kuomba kazi hiyo. Niende?

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni kazi ya mauzo ya komisheni: bima, mikopo, vifaa vya sola. Hizo ni halali, na ndizo zinazoita watu haraka zaidi kwa sababu hazikulipi usipouza. Uliza kabla ya kupanda matatu: kuna mshahara wa msingi? Nauli ya nyanjani ni ya nani? Nikikosa lengo miezi miwili itakuwaje? Kuna watu niliowachapia CV ambao leo ni mameneja wa matawi na walianzia hapo. Kuna wengine waliowauzia bima shangazi wote na binamu wote, wateja wakaisha, na kazi ikaisha.

Ya pili unafika ukumbini, unakuta viti vimepangwa, muziki, na mtu wa suti anazungumzia uhuru wa kifedha. Mwishoni unatakiwa kununua bidhaa za kuanzia. Ondoka.

Nimeambiwa nitume pesa ya faili, ya sare au ya daktari ili nipate barua ya kazi. Nitume?

Hapana. Hata kama ni mia tano.

Najua matapeli hao wanavyofanya kwa sababu waathiriwa huja kwangu kuchapisha "barua" zao. Nembo ya serikali imefifia, sahihi imeskaniwa, tarehe ya kuripoti iko karibu ili usipate muda wa kuuliza. Malipo yanaenda kwa nambari ya simu ya mtu. Ada halali za serikali hulipwa kupitia eCitizen, paybill 222222, na unapata risiti. Kuomba kazi kwa Tume ya Utumishi wa Umma, TSC au bodi ya kaunti hakulipiwi.

Wabaya zaidi ni matapeli wa kazi za jeshi. Usajili wa KDF ni bure, lakini karibu kila awamu kuna vijana wanaofika chuo cha mafunzo Eldoret na barua bandia walizolipia mamia ya maelfu. Huishia kukamatwa wao badala ya aliyewauzia. Shamba limeshauzwa.

Kwa kazi za ng'ambo, angalia kwanza kama wakala yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usimwachie mtu pasipoti yako "aishughulikie". Wa Uasin Gishu hawahitaji kukumbushwa: mpango wa masomo ya Finland na Canada ulipitia mikono ya kaunti yenyewe, na bado wazazi waliachwa wakidai pesa zao. Mhuri wa ofisi pekee hautoshi. Uliza pesa inaingia akaunti ya nani.

Nihamie Nairobi?

Ukiwa na pa kulala na tarehe ya usaili, nenda. Bila hayo mawili, Nairobi itakula akiba yako kwa kodi na nauli kisha ikurudishe. Maombi ya kazi za Nairobi yanatumwa hata kutoka Kondele.

Wanataka kunilipa 18,000. Nikubali?

Kwanza ujue utashika ngapi. Kwa 18,000, NSSF ya asilimia 6 ni 1,080, SHIF (makato ya bima ya afya ya SHA) ya asilimia 2.75 ni 495, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ni 270. PAYE (kodi ya mapato) huna, kwa sababu mshahara uko chini ya kiwango kinachotozwa. Unabaki na 16,155. Sasa toa chumba Manyatta au Kaptembwo, nauli na chakula, uone kinachosalia. Kama unakaa kwenu na unaenda kazini kwa miguu, ni mwanzo mzuri. Kama unatoka Ahero kila siku kwa matatu mbili, piga hesabu tena.

Mwajiri akikuuliza unataka ngapi, taja kiwango kutoka hapa hadi pale, baada ya kuuliza walio kwenye kazi hiyo. "Chochote mtakachonipa" huwa kinachukuliwa kama kilivyo.

Nimeanza kazi lakini hakuna mkataba. Wanasema niko kwenye majaribio.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na ni mwajiri anayepaswa kuuandaa. Majaribio hayazidi miezi sita, na yakiongezwa ni kwa ridhaa yako, kwa miezi sita mingine tu. Hata kwenye majaribio unastahili notisi ya siku saba au malipo yake. Ukiondoka, unastahili cheti cha utumishi.

Usiingie ofisini na nakala ya sheria mkononi wiki ya kwanza. Omba kwa upole: "Mkubwa, benki wananiuliza barua ya kazi." Hilo limewapatia wengi mkataba bila ugomvi. Ukikosa kabisa, tunza ujumbe wa simu, karatasi za zamu na rekodi za malipo ya M-Pesa.

HELB wananiandikia na sina kazi. Nifanye nini?

Waandikie. Mkopo wa digrii una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na unatakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Anayenyamaza hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na hiyo ndiyo inayofanya deni livimbe hadi mtu ashindwe kulitazama. Wana madawati kwenye Huduma Centre. Eleza hali yako kwa maandishi, utunze nakala, na uulize kiasi kidogo unachoweza kuanza nacho. Nimeona watu wakianza na kiasi cha kusikitisha, lakini jina lao likabaki safi.

Mimi ni mzazi. Kijana wangu ana digrii na analala hadi saa nne asubuhi. Nimpeleke wapi?

Mama, usimpeleke popote bado. Anayelala hadi saa nne mara nyingi alikesha akituma maombi, au amechoka kukataliwa na hajui kukuambia. Acha kwanza kumtajia mtoto wa jirani aliyepata kazi benki. Kisha mpe jukumu lenye pesa ndogo: ahesabu mauzo ya duka, apeleke maziwa, asimamie vibarua wa shamba. Mpe nauli ya siku moja kwa wiki ya kuzunguka ofisi, na asiulizwe jioni "umepata?" Akikaa kimya wiki nyingi, hali chakula, hataki kuonana na rafiki yeyote, hapo si uvivu. Mpeleke hospitalini aongee na mshauri. Na baba naye aambiwe, maana kwenye nyumba nyingi maneno makali hutoka kwake.

Nirudi kusoma uzamili?

Kama unataka kufundisha chuo kikuu au taaluma yako inaudai, ndiyo. Kama unakimbia swali la "unafanya nini siku hizi", hapana.

Lenye faida zaidi kwa wengi ni ujuzi mfupi wa mikono: umeme, uchomeleaji, friji, kushona, mitambo. Kuna wenye digrii wanaoingia Kisumu Poly au Sigalagala kwa cheti, wakiwa wanaona aibu. Aibu hiyo huisha siku ya malipo ya kwanza. Ikiwa tayari unaijua kazi kwa kuifanya jua kali, NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hukupima na kukupa cheti bila kukurudisha darasani.

Kazi za mtandaoni je?

Zipo, lakini usizitegemee peke yake. Programu ya Ajira Digital na maabara za Jitume kwenye vyuo vya ufundi zinatoa mafunzo na kompyuta bure, na hiyo peke yake ni sababu ya kwenda. Kwa upande wa malipo, kumbuka Machi 2024, jukwaa la kazi za mtandaoni la Remotasks lilipofungia Wakenya nje na watu wakaamka bila kazi. Anayelipwa na jukwaa moja hana mwajiri wa kumdai. Kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao nalo linalipa, na vijana wengi wa hapa wamejengea wazazi kwa pesa hiyo. Sipendi kuichapa kwenye CV, na mwajiri akiiona naye hapendi.

Nifiche digrii ili nipate kazi ya duka la jumla?

CV haikulazimishi kutaja kila kitu. Kwa kazi ya kaunta, weka KCSE, kompyuta na kazi ulizowahi kufanya. Lakini fomu ikiuliza waziwazi kiwango chako cha elimu, andika ukweli, kwa sababu taarifa ya uongo ni sababu ya kukufuta baadaye. Wenye maduka hawaogopi digrii yenyewe. Wanaogopa kwamba utaondoka mwezi wa pili. Mwambie utakaa hadi lini, na ukae hadi hapo.

Mshahara wa kwanza umeingia na nyumbani wote wanangoja. Nigawe vipi?

Tenga kwanza nauli na kodi ya mwezi unaofuata, maana kampuni nyingi ndogo huchelewesha mshahara wa pili. Lipa uliokopa kwao ukitafuta kazi, hasa yule wa nauli ya usaili. Mama mnunulie kitu cha kushikika, hata kama ni kilo mbili za sukari na kitenge. Wengine waambie mwezi ujao. Na ukipita hapa, lile deni la kuchapa halijasahaulika.